Rapide iliyochoka kabla ya kupaa: uchambuzi wa kisa cha injini ya zamani na rafadha yake

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitupata katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya Sinza, jijini Dar es Salaam, ambako watu wanne tunaopenda ndege za zamani hukutana Jumamosi kuunda modeli za kurushwa kwenye simuleta ya kompyuta. Modeli iliyotusumbua kwa karibu miezi miwili ni ya de Havilland DH.89 Dragon Rapide, ndege ya Kiingereza yenye injini mbili na mabawa ya ghorofa mbili, iliyoruka kwa mara ya kwanza Aprili 1934. Tuliichagua kwa sababu ya historia ya kwetu: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1946 lilianza na Rapide sita, nasi tulitaka kuirudia safari fupi ya kuvuka bahari kwenda Zanzibar kama walivyoisafiri abiria wa enzi hizo, wanane katika chumba chembamba cha mbao na kitambaa.

Simuleta tunayoitumia ni FlightGear, programu huria isiyolipiwa, na hesabu za mwendo wa ndege tunaziachia JSBSim, ambayo nayo ni huria. Ndani ya JSBSim injini ina faili lake, na rafadha, yaani mapanga yanayozunguka mbele ya injini na kuivuta ndege, ina faili lake, na kila moja linaweza kuandikwa, kusahihishwa au kuazimwa kutoka ndege nyingine bila kuligusa la pili. Utengano huo ni rahisi kwa mwandishi wa programu, lakini ndio uliotupoteza, kwa sababu ulitufanya tuamini kwamba injini na rafadha ni vitu viwili.

Dalili ilikuwa hii. Ndege iliwekwa mwanzoni mwa njia ya kurukia ya Kipawa, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikiwa na uzito wake kamili wa kilo 2,495, hewa ikiwa nyuzi 32 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75. Rubani alishika breki, akasukuma wenzo wa mafuta hadi mwisho, na sindano za mizunguko zikagota kwenye 1,650 kwa dakika, zisipande tena. Breki zilipoachiwa, ndege ilikimbia karibu mita 560 kabla ya kuinuka, kisha ikapanda kwa uvivu, futi 380 hivi kwa dakika, ilhali takwimu za Rapide zinaipa zaidi ya futi 800. Kilichotushangaza zaidi ni kwamba ilipokwisha kupata kimo na kunyooshwa, mwendo wake wa juu ulikuwa sawasawa na wa vitabuni: maili 157 kwa saa, yaani kilomita 253, kila injini ikizunguka mara 2,350 kwa dakika. Ndege iliyokuwa goigoi ardhini ilikuwa nzima kabisa angani.

Neno la kwanza lililotamkwa chumbani lilikuwa joto. Halikuwa neno la kipuuzi, maana kila anayeishi Dar es Salaam anaujua mwezi wa Februari, na hesabu zenyewe zinalitetea kwa kiasi fulani. Hewa ya kiwango inayotumiwa vitabuni, nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari, ina densiti ya kilo 1.225 kwa mita moja ya ujazo. Joto la nyuzi 32 linaipunguza hadi 1.16 hivi, na mvuke wa bahari, ambao ni mwepesi kuliko hewa kavu, unaishusha hadi karibu 1.14. Upungufu wote ni asilimia 7, sawa na kuiondoa ndege kwenye uwanja ulio futi 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari katika siku ya kawaida ya vitabuni. Bawa linapata unyanyuzi mdogo, rafadha inapata msukumo mdogo, na injini inavuta hewa pungufu. Kwa hiyo sehemu ya mita zile 560 ilikuwa kweli ya joto.

Joto, hata hivyo, lina utetezi katika jambo moja, nalo ni sindano ya mizunguko. Injini ya Rapide, Gipsy Six, haina kompresa ya kuilisha hewa kwa nguvu. Inavuta hewa iliyopo. Hewa ikipungua kwa asilimia 7, nguvu yake ya kusokota hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Lakini rafadha nayo inasokotwa ndani ya hewa ile ile, na ukinzani inaoupata umepungua kwa asilimia ile ile. Anayesukuma amechoka kidogo na mzigo umepungua kidogo, hivyo mizunguko ya ndege iliyosimama hubaki karibu pale pale. Tulilijaribu jambo hilo kwa kuirudisha hali ya hewa ya simuleta kwenye nyuzi 15, na sindano zikapanda kutoka 1,650 hadi 1,665 tu. Tukaihamishia ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, ambao uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na bado tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kueleza chochote. Mtu akitaka kipimo kimoja cha kutenganisha kosa la hali ya hewa na kosa la modeli kwa ndege yenye rafadha ya pembe isiyobadilika, ningempa hicho kabla ya kingine chochote, nacho hakichukui hata dakika tano.

Hatukukifanya mapema hivyo, nakiri. Kabla ya kufika hapo tulikwishatumia Jumamosi mbili kuitibu injini. Hoja ilikuwa kwamba ndege iliyokosa nguvu iongezewe nguvu, basi nguvu farasi 200 za kila injini zikaandikwa 240. Sindano zikapanda ardhini hadi 1,810, mbio za kuruka zikafupika, na mmoja wetu akapiga makofi. Angani, hata hivyo, mambo yaliharibika mara moja, kwa kuwa mwendo wa juu ulifika karibu maili 167 kwa saa na mizunguko ikapita 2,500, kasi iliyozidi 2,350 za vitabuni. Tulikuwa tumechukua sehemu iliyokuwa sahihi tukaiharibu ili ifanane na iliyokosewa.

Aliyetugeuza njia ni mzee mmoja wa Temeke, jirani wa zamani wa familia ya mwenzetu, ambaye ujanani alikuwa fundi wa injini katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977. Hakuwahi kuishika Rapide, maana zilikwisha kuondoka alipoajiriwa, lakini rafadha alizijua. Tulimwamkia, tukamketisha mbele ya kompyuta, tukamwonyesha ndege ikinguruma pale pale ilipo. Alisikiliza zaidi kuliko alivyotazama, kisha akasema, "Injini haina kosa, wanangu. Mmeifunga mzigo wa gari kubwa, halafu mnataka iondoke na gia ya tano." Hakuongeza mengi, na sisi tulihitaji wiki nzima kuelewa kwamba alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe.

Rafadha ya mbao ya miaka ya 1930 imechongwa kwa pembe moja, na itafanya kazi kwa pembe hiyo kuanzia inapowashwa hadi inapozimwa. Mchongaji huzungumzia hatua, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Katika modeli yetu tulikadiria kipenyo cha mita 2 kwa kupima picha za pembeni, na hatua ya mita 2 pia. Panga la namna hiyo, likipimwa kwenye robo tatu ya urefu wake kutoka kitovuni kama ilivyo desturi, limelala kwa nyuzi 23. Ndege ikienda kasi, hewa inakuja kwa mbele na panga linaikata kwa pembe ndogo, kwa raha. Ndege ikiwa imesimama, panga lile lile linaupiga upepo kwa nyuzi zote 23, hewa inabanduka mgongoni mwake, na injini inalisukuma kama mtu anayekoroga uji mzito. Ndiyo maana kila ndege ya aina hii ina mizunguko michache inapokuwa imesimama kuliko inapokuwa katika mwendo wake wa juu. Kinachogomba ni uchache wenyewe: je, 1,650 ni halali yake, au kuna mtu amezidisha mzigo?

Swali hilo halijibiki kwa kukisia, na hatukuwa na kitabu cha rubani kinachotoa namba hiyo. Tulilijibu kwa masikio. Gipsy Six ina silinda sita zilizopinduliwa, zinazoning'inia chini ya fito kuu inayozungusha rafadha, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 118 na mwendo wa pistoni wa milimita 140, jumla ya ujazo wa lita 9.186, ni silinda zile zile za Gipsy Major ya Tiger Moth, zilizoongezwa kutoka nne hadi sita. Hakuna giaboksi kati ya injini na rafadha, kwa hiyo mzunguko mmoja wa injini ni mzunguko mmoja wa rafadha. Katika kila mzunguko mapanga mawili hupita mara mbili, na kwa kuwa ni injini ya mipigo minne, silinda tatu kati ya sita huwaka. Maana yake ni kwamba sauti ya Rapide ina vilele viwili vilivyo katika uwiano wa 2 kwa 3, kimoja cha mapanga na kimoja cha moshi, na ukivikuta vyote viwili huna shaka tena kwamba unachopima ni mizunguko na si mlio wa kitu kingine.

Tuliitafuta rekodi ya Rapide halisi ikijaribiwa injini huku magurudumu yamezibwa kwa vigingi, tukaiingiza katika programu ya Audacity, na tukachora mchoro wa masafa ya sauti yake, yaani mitetemo kwa sekunde (Hz). Kilele kimoja kilikuwa kwenye Hz 65 na kingine kati ya 97 na 98. Sitini na tano mara sitini, ukigawa kwa mapanga mawili, ni 1,950 kwa dakika. Tisini na saba na nusu mara sitini, ukigawa kwa miwako mitatu, ni 1,950 vilevile. Rekodi nyingine zilitupa kati ya 1,930 na 1,970. Palikuwa pia na kupanda na kushuka kwa sauti, polepole kama wimbi, jambo linalotokea injini mbili zinapopishana kwa mizunguko ishirini hivi. Nalitaja si kwa sababu lilitusaidia, bali kwa sababu lilitufurahisha kuliko mengine yote. Mzee wa Temeke hakuhitaji mchoro wowote.

Sasa hesabu ilikuwa na mahali pa kusimama. Nguvu ambayo rafadha inaimeza ni zao la densiti ya hewa, mizunguko kwa sekunde ikizidishwa yenyewe mara tatu, kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tano, na namba moja isiyo na kipimo inayoitwa kizigeu cha nguvu. Kizigeu hiki hakikai palepale. Kinabadilika kufuatana na uwiano wa mwendo, ambao ni kasi ya ndege kugawanywa kwa mizunguko na kipenyo, na ambao wahandisi huuandika kwa herufi J. Ndege iliyosimama ina J ya sifuri. Rapide katika mwendo wake wa juu, mita 70 kwa sekunde na mizunguko 39 kwa sekunde, ina J ya karibu 0.9. Faili la rafadha katika JSBSim ni majedwali mawili tu ya maana, moja la kizigeu cha nguvu na moja la kizigeu cha msukumo, yote yakipangwa kwa J.

Tukianza angani, nguvu farasi 200 ni kilowati 149, na zikimezwa kwa mizunguko 2,350 zinadai kizigeu cha 0.063. Jedwali letu lilikuwa na 0.063 pale pale kwenye J ya 0.9, na hiyo ndiyo sababu ndege ilikuwa nzima angani. Tukishuka ardhini, nguvu ya kusokota ya injini hii haibadiliki sana wenzo ukiwa mwisho, ni niutoni-mita (Nm) 605 hivi, na ili izunguke mara 1,950 ndege ikiwa imesimama inadai kizigeu cha 0.092. Jedwali letu lilikuwa na 0.128. Ukiirudisha 0.128 katika hesabu unapata mizunguko 1,650, bila kuzidi wala kupungua. Kwa mizunguko hiyo injini haitoi nguvu farasi 200 hata ingetaka, kwa sababu nguvu ni nguvu ya kusokota mara mizunguko. Inatoa 140 tu, badala ya 166 ambazo Rapide yenye afya ingezitoa kabla magurudumu hayajaanza kubiringika. Injini yetu haikuwa dhaifu, ilikuwa imekabwa.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, ambalo naona ni baya kuliko lile la nguvu farasi 240 kwa sababu lilivaa nguo za hesabu. JSBSim inaruhusu jedwali zima la nguvu lizidishwe kwa namba moja. Mwenzetu aligawa 0.092 kwa 0.128, akapata 0.72, akaiandika, na sindano zikasimama kwenye 1,950 kama zilivyotakiwa. Ndege ilipopaa, mizunguko ilipanda kupita kiasi, jambo tulilolitarajia kwa kuwa 0.063 ya angani nayo ilikuwa imeshushwa hadi 0.045. Tusilolitarajia lilikuwa limejificha ndani zaidi. Ufanisi wa rafadha ni J mara kizigeu cha msukumo, kugawanywa kwa kizigeu cha nguvu. Ni sehemu ya nguvu ya injini inayogeuka kuwa kazi ya kuivuta ndege. Kabla ya marekebisho jedwali letu lilitoa ufanisi wa asilimia 80 kwenye J ya 0.9, kiasi kinachoaminika kwa rafadha nzuri ya mbao. Baada ya marekebisho lilitoa asilimia 111. Rafadha ilikuwa inarudisha zaidi ya ilichopewa, na simuleta haikupiga hata kengele moja, maana yenyewe inasoma namba tu na haiulizi kama dunia inaziruhusu.

Tangu siku hiyo hatufungui faili la rafadha la mtu yeyote, letu au la kuazima, bila kwanza kuandika safu ya tatu pembeni ya majedwali mawili na kuhesabu ufanisi kwa kila J. Nimekuta modeli zilizochorwa kwa ustadi mkubwa, chumba cha rubani kikimeremeta hadi skrubu za dashibodi, ambazo rafadha zake zilivuka asilimia 100 mahali fulani. Sielewi mtu anawezaje kutumia mwezi kupaka rangi viti na asitumie saa moja kuipima rafadha inayovibeba viti hivyo, lakini ni kawaida zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Ilibaki kujua 0.128 ilitoka wapi. Tulifuatilia faili nyuma, toleo baada ya toleo, hadi siku lilipozaliwa, na asili yake ilikuwa sisi wenyewe. Mwanzoni kabisa, tulipotaka tu ndege itikisike na kusonga, tuliazima rafadha ya ndege kubwa ya injini mbili yenye mapanga matatu na pembe inayobadilika. Jedwali la rafadha ya namna hiyo lina pande mbili, J kwa upande mmoja na pembe ya mapanga kwa upande mwingine. Tulichagua safu moja ya pembe, ile iliyotupa mwendo wa juu sahihi, tukaikata safu hiyo na kuifanya kuwa rafadha nzima. Kwa mwendo wa juu, ambako mapanga yanakata hewa kwa pembe ndogo, mapanga matatu yaliyolazwa kidogo yanaweza kumeza nguvu sawa na mawili yaliyosimama zaidi, hivyo namba zililingana. Kwa ndege iliyosimama hakuna maridhiano kama hayo. Mapanga matatu mapana yanakinza hewa kwa eneo lake lote, na mkunjo wao, yaani mstari wa kizigeu cha nguvu ukichorwa dhidi ya J, unapanda kwa ukali kadiri J inavyoelekea sifuri. Katika ndege yake ya asili hilo halina madhara, kwa sababu rubani wa huko anayalaza mapanga kabla ya kuruka na kuyasimamisha akishafika juu, ana gia. Sisi tuliichukua gia yake ya tano tukaifunga kwa kulehemu.

Kizidishio hakiwezi kuponya hilo kwa kuwa kosa lilikuwa katika umbo la mkunjo, wala si katika kimo chake. Tulihitaji mkunjo mwingine, wa mapanga mawili, uliopimwa na si uliobuniwa. Upo, na ni mali ya umma: taarifa namba 640 ya NACA, shirika la Marekani lililotangulia NASA, iliyotolewa mwaka 1938 na Hartman na Biermann, ambao walizipima rafadha halisi za kipenyo cha futi 10, zenye mapanga mawili, matatu na manne, kwa pembe mbalimbali na kwa maumbo mawili ya ukataji wa panga, Clark Y na R.A.F. 6. Tulichukua R.A.F. 6, kwa kuwa ndilo umbo la asili ya Kiingereza, kutoka Royal Aircraft Factory ya Farnborough, na kwa kuwa hubeba vizuri zaidi ndege inapokuwa imesimama au inakwenda polepole.

Kuzisoma namba kutoka kwenye michoro iliyopigwa picha ni kazi ya kuumiza macho, nayo ilifanywa kwa rula na penseli usiku ambao umeme ulikatika na kompyuta haikuwa na msaada wowote. Mikunjo ilikuwepo kwa nyuzi 20 na nyuzi 25. Yetu ya nyuzi 23 tuliipitisha kati yake, kisha tukaisogeza kidogo ipite kwenye vituo vyetu viwili vya uhakika, 0.092 kwenye sifuri na 0.063 kwenye 0.9. Jambo la kutazamwa ni jinsi mkunjo ulivyo tambarare mwanzoni: kwenye J ya 0.3 kizigeu bado ni 0.091, kwenye 0.5 ni 0.087, na ni baada ya 0.7 tu ndipo kinapoporomoka. Utambarare huo ndio alama ya panga lililozidiwa na pembe, ambalo hewa imebanduka mgongoni mwake. Kuongeza au kupunguza kasi kidogo hakulibadilishii chochote hadi hewa itakapolishika tena. Mkunjo tuliokuwa tumeuazima ulikuwa mteremko toka mwanzo hadi mwisho, na kama tungeuchora kwenye karatasi badala ya kuuacha kama namba ndani ya faili, naamini tungeliona kosa siku ya kwanza. Jedwali la msukumo lilitengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na ufanisi ukakaguliwa mstari kwa mstari. Haukuvuka asilimia 81 popote.

Injini ilirudishwa kwenye nguvu farasi 200. Ndege ikawekwa tena Kipawa, nyuzi 32, unyevu asilimia 75, kilo 2,495. Sindano zilisimama kwenye 1,940. Mbio za kuruka zikawa mita 355, na hewa iliporudishwa kwenye nyuzi 15 zikawa mita 305, tofauti ambayo sasa kweli ni ya joto la Dar es Salaam na si ya kitu kingine. Mwendo wa juu haukuhama maili 157.

Mambo mawili madogo yalirekebishwa njiani, nayo nayataja kwa ufupi. Injini za ukoo huu wa Gipsy huzunguka kinyume cha saa zikitazamwa kutoka kiti cha rubani, tofauti na injini nyingi za Kimarekani, na rafadha yetu ya kuazima ilikuwa ikizunguka upande wa Kimarekani. Ndege ilikuwa ikivuta kushoto wakati wa kuruka ilhali ilipaswa kuvuta kulia. Pili, uzito wa rafadha katika kuzunguka ulikuwa umeandikwa kwa vipimo vya kilo na mita mahali ambapo faili lilisubiri vipimo vya Kiingereza, kosa la mara 1.356, na kwa kuwa rafadha ndiyo gurudumu zito la injini hii isiyo na jingine, injini ilikuwa ikichelewa kuitikia wenzo kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Yapo yasiyokwisha. Kupanda kumefika futi 690 hivi kwa dakika katika hewa ya kawaida, bado pungufu, na baada ya yaliyotokea hakuna aliyethubutu kupendekeza nguvu farasi ziguswe. Shaka yetu sasa iko kwenye ukinzani wa nyaya na mihimili kati ya mabawa, ambao tuliuweka kwa makadirio. Na tunaposhuka kuelekea Zanzibar wenzo ukiwa umerudishwa, rafadha inazungushwa na upepo badala ya kuusukuma, na ndege inateleza mbali kuliko inavyostahili, ikiipita njia ya kurukia ya Kisauni ikiwa bado juu. Hiyo ni sehemu ya jedwali iliyo zaidi ya J ya 1.1, ambako msukumo unageuka kuwa breki. Mistari minne tuliyoiandika huko imetokana na kunyoosha mkunjo kwa macho, na Jumamosi ijayo rula itarudi mezani.